Kuwatafuta Wafaransa kutoka Izia

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na kazi. Kitenge nimeshashona, saa imeshasimama, na kazi ndiyo hii: mlitaka niwaandikie jinsi nilivyofundisha muziki miaka yote ile, ili mwalimu mpya akifika asianze kwa kupapasa kama nilivyoanza mimi. Nimekubali. Ila habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Vyeo vilipita mbali na chumba cha muziki, na mshahara wa mwalimu mnaujua vizuri kuliko mnavyozijua nota.

Nilifika shule yetu ya wasichana pale Izia, mjini Sumbawanga, nikiwa na sanduku la bati na cheti kinachosema naweza kufundisha Kiswahili. Muziki haukutajwa popote. Mkuu wa shule aliniuliza kama naimba, nikamjibu kwamba naimba kanisani kama watu wote, akasema basi kwaya ni yako. Sanduku lilikuwa bado liko mlangoni. Kwa bahati njema, mwenye kwaya, Mwalimu Ponsiano, alikuwa bado hajastaafu, akaambiwa anifundishe kabla hajaondoka.

Mwalimu Ponsiano alikuwa mtu mfupi, mwenye sweta moja la kijivu alilolivaa Juni na alilolivaa Desemba, kwa maelezo kwamba baridi ya Sumbawanga haina adabu ya kufuata kalenda. Alinitembeza kwenye vifaa vyangu. Kulikuwa na kinanda cha upepo ambacho panya walikuwa wamekula mapafu yake. Kulikuwa na redio kaseti, na kalamu ya kurudishia utepe ukijinyonga. Halafu kulikuwa na uma. Uma tulikiita kile chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinatoa sauti moja tu, isiyobadilika. Alikigonga gotini, akakiegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio langu, na kichwa changu chote kikaimba. Akaniambia kwamba hiki hakidanganyi, vingine vyote vichunguze.

Sikumwelewa mpaka aliponisimulia habari ya santuri. Zamani, kabla yangu, padre mmoja alikuwa amewapa kwaya santuri ya wimbo wa Kilatini ili waujifunze kwa ajili ya ujio wa askofu. Santuri ilikuwa na mkwaruzo. Sindano ikifika pale inaruka nyuma, neno lile lile linasikika mara tatu, kisha wimbo unaendelea. Kwaya ilijifunza kwa kusikiliza, kama tunavyojifunza sisi, na haikuacha kitu. Siku ya askofu wakaimba neno lile mara tatu, sauti zote nne, kwa pamoja, bila hata mmoja kuyumba. Askofu alifikiri ni ibada ya pekee ya Wafipa na akawasifu sana. Wanakwaya wa Muze waliokuwepo wakaupenda, wakaupeleka kwao bondeni.

Wengi wakisimuliwa hadithi hiyo hucheka, nami nilicheka. Mwalimu Ponsiano hakucheka. Aliniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo, nayo ndiyo ningependa myabebe: "Masikio ya watoto hawa hayachagui. Wakisikia kitu watakirudisha chote, na mikwaruzo yake. Kuchagua ni kazi yako wewe."

Miaka ya katikati nitaipita haraka, maana inafanana. Kaseti ikaja ikaondoka, sidii ikaja ikaondoka, simu ikaja na bado ipo. Nilijifunza kwamba kwaya haifanyi mazoezi baada ya ugali, kwa sababu ugali huimba sauti ya nne. Nilijifunza kwamba mkishuka Muze kuimba, joto la bonde hukausha koo za watu waliozoea baridi ya huku juu, kwa hiyo mteremke siku moja kabla na maji ya kutosha. Nilijifunza pia kwamba mwanafunzi anayeambiwa hana sauti mara nyingi hajawahi kusimamishwa karibu na mwenye sauti. Hayo mtayaona wenyewe. Ninachotaka kuwaandikia hasa ni habari ya Oresta, kwa sababu ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, na nikiri tu, ndiyo ninayojivunia bila aibu yoyote.

Oresta alikuja kidato cha kwanza kutoka Mpui, mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi, mrefu, mwenye kuongea kama mtu anayeomba radhi. Siku ya kuchagua sauti nilimwambia aimbe wimbo wowote. Aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani. Mpishi wa shule alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuuliza redio hiyo mpya tumenunua lini.

Nilimfundisha mpaka akamaliza shule, na alipomaliza sikumwachia. Alirudi Mpui kumsaidia mama yake shambani, lakini Jumamosi alikuja Izia, anasema shikamoo Mwalimu kwa ile sauti ya kuomba radhi, kisha anafungua kinywa na madirisha yanatikisika. Ndipo chuo kimoja cha muziki cha Ulaya kilipotangaza kwamba kinatafuta waimbaji wa Afrika Mashariki, usaili Dar es Salaam. Kila mwombaji aimbe nyimbo kadhaa, na mmoja lazima uwe wa opera kwa Kifaransa. Kulikuwa na kikomo cha umri pia. Kwa Oresta mwaka ule ndio ulikuwa wa mwisho.

Opera, kwa wale mnaoisikia kwa jina tu, ni mchezo wa kuigiza ambao watu wake badala ya kusema wanaimba, na hawatumii kipaza sauti. Tulichagua wimbo wa mwanamke anayeacha moto ukiwaka usiku kucha, akimsubiri mtu aliyemwahidi kurudi. Nota tulizipata mtandaoni, tukachapa kwenye duka la vifaa vya ofisi. Kifaransa hatukukijua, si mimi wala yeye. Lakini tulikuwa na masikio, na mtandao ulikuwa na mwimbaji mmoja maarufu ambaye watu wengi mno walikuwa wamemsikiliza akiimba wimbo ule. Sauti yake ilikuwa nzuri ajabu. Oresta akaunywa wimbo wote kutoka kinywani mwa yule mama, tukapanda basi.

Kwenye meza ya usaili walikaa watu watatu. Wa kuwaogopa alikuwa Madamu Odile, Mfaransa mwenye nywele nyeupe, aliyekaa nchini siku nyingi na Kiswahili chake akikisema polepole lakini sawasawa. Oresta aliimba. Mimi nilikaa nyuma nikiwa nimeshika uma mfukoni kama rozari. Alipomaliza, wale wawili walitabasamu. Madamu Odile alimuuliza: "Binti yangu, mwalimu wako ni Mrusi?"

Oresta aligeuka kunitazama. Nikasimama nikasema mwalimu wake ni mimi, na mimi ni Mfipa wa hapo hapo Ufipa. Watu walicheka, lakini Madamu Odile aliomba kujua wimbo tuliujifunza wapi. Nikatoa simu. Tukasoma habari za yule mwimbaji wetu maarufu, na kweli, alizaliwa Urusi na akasomea Urusi.

Madamu Odile alisema sauti ameikubali. Maneno ndiyo hakuyasikia. Alisikia mtu mwingine akiyasema kwa shida, na Oresta amemwiga mpaka shida yake. Hata hivyo walikuwa na kikao cha mwisho baada ya mavuno, na angependa binti arudi. Nilimwomba atutajie waimbaji wa kuwasikiliza. Alikataa, kwa haki kabisa: yeye ni mwamuzi, hawezi kumsaidia mmoja na kuwaacha wengine. Alichosema ni kwamba tuwatafute Wafaransa wenyewe, waliozaliwa ndani ya lugha yao, tujifunze midomo yao.

Tulirudi na basi. Oresta alinyamaza Morogoro, akanyamaza Iringa, akanyamaza Mbeya. Tulipokuwa tumeshapita Tunduma akaniambia, "Mwalimu, kumbe mimi najua Kirusi." Tulicheka mpaka kondakta akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Oresta alidhani namfariji tu, kumbe mwenzake nilikuwa na furaha ya kweli. Nilikuwa nimemkumbuka Mwalimu Ponsiano na santuri yake. Msichana wa Mpui, asiyejua neno la Kifaransa, amenasa makosa ya Mrusi barabara kiasi kwamba Mfaransa ametaja nchi yanakotoka. Sikio lile halikuwa na kasoro yoyote. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuchagua, na kuchagua kulikuwa kazi yangu.

Basi nikaingia mtandaoni. Niliandika kwa Kiingereza, nikaletewa Wakorea, Wamarekani, Waitalia, wote wakiimba Kifaransa, wote wazuri, nami sina pa kuwashika. Nilifikiri niende kwa majina. Nikampata mmoja mwenye jina la Kifaransa kabisa, la kwanza na la ukoo, nikashangilia. Alikuwa mtu wa Marekani. Mwingine niliyemdhania mgeni ndiye aliyekuwa Mfaransa, baba yake tu ndiye aliyetoka mbali. Jina la mtu, nikagundua, halikuambii alilelewa na maneno gani.

Ndipo nikamkumbuka Mama Feza. Mama Feza anauza vitenge soko kuu la Sumbawanga, na sare zote za kwaya yetu zilitoka kwenye meza yake. Vurugu za kwao ndizo zilizomvusha Ziwa Tanganyika. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa Kifaransa wa sekondari kule Kalemie, Kongo. Hana chembe ya unyenyekevu, ndiyo maana tunapatana. Nilimwekea wimbo kwenye simu, na yeye akaendelea kukunja vitenge akisikiliza.

"Huyu hapana," akasema. Nikamwekea mwingine. "Huyu naye hapana. Sauti iko muzuri, lakini hajue anasema nini."

Nilimuuliza anajuaje. Akaacha kukunja, akanieleza kwamba haangalii matamshi kwanza, anaangalia pumzi. Mtu anayesema lugha yake hapumui mahali ambapo maana haijaisha. Hata akiishiwa na hewa atavumilia afike. Mgeni hupumua pale wimbo unapompa nafasi, kama mtu aseme nimekwenda so, avute pumzi, halafu aseme koni. Nilirudi kuusikiliza wimbo wa Mrusi wetu. Alikuwa amepumua katikati ya jina la mtu anayemsubiri, na Oresta alikuwa amepumua naye.

Nikamwambia basi kazi imekwisha, amfundishe Oresta yeye mwenyewe. Akakataa akicheka. Kifaransa chake, alisema, ni cha Kalemie, ni cha kweli na hakionei aibu, lakini sicho tunachokitafuta. Binti akimfuata yeye, yule mwamuzi atauliza kama mwalimu ni Mkongomani. Kisha alininyang'anya simu. Akafuta Kiingereza changu chote, akaandika swali lile lile kwa Kifaransa, na zikatokea rekodi ambazo sikuwahi kuziona, nyingi za redio za kwao, nyingine za zamani zenye kelele, zilizosikilizwa na watu wachache tu. Nilikuwa nimekaa siku zote hizo nikibisha hodi kwenye nyumba ya jirani.

Hapa naandika mambo mtakayoweza kuyatumia. Ukimtafuta mwimbaji wa lugha fulani, andika kwa lugha hiyo. Usimsikilize akiimba tu, tafuta mahojiano yake umsikie akizungumza, akicheka, akimkatiza anayemuuliza, maana hakuna anayecheka kwa lugha ya kukariri. Ziko opera za Kifaransa ambazo katikati ya nyimbo watu husema maneno ya kawaida bila kuimba, na hizo ni hazina; mgeni anaweza kujificha ndani ya wimbo lakini akianza kusema unamkamata. Usidharau rekodi za kundi zima la mji mdogo wa kwao ukakimbilia nyota wa dunia. Nyota husafiri na lugha nyingi mfukoni. Wale wa mji mdogo wana moja.

Kila siku ya soko nilimpelekea Mama Feza rekodi nilizochuma. Tulikuwa na utaratibu wetu. Simu inalala kifudifudi juu ya vitenge, asione jina wala picha, naye anasikiliza na kutoa hukumu. Hukumu zilikuwa mbili: "hapana", au "wa kwabo", yaani wa kwao, kwa Kiswahili cha Kalemie. Nikifika nyumbani nachunguza alizaliwa wapi mwimbaji huyo. Mama Feza hakukosea, isipokuwa mara moja alipompitisha Mbelgiji, na nilipomwambia alidai Mbelgiji ni jirani, si kosa. Wateja walizoea. Ikafika mahali mama mmoja aliyekuja kununua doti ya harusi akakaa chini akaanza kutoa hukumu na yeye, na alikuwa anapatia.

Mwisho tulibaki na watatu. Mmoja alikuwa mwanamume wa rekodi za zamani za redio, mwenye makelele ya kutosha kukaanga dagaa, lakini kila herufi aliyotamka ungeweza kuiokota. Wa pili mama mwenye sauti nyembamba, kavu, ambayo nisingeipokea hata kwenye kwaya, na maneno yake safi kabisa. Wa tatu dada wa siku hizi tuliyempata kwenye mahojiano. Oresta aliwasikiliza akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, amfuate yupi.

Nikafungua kinywa kumchagulia mmoja, nikajizuia. Maana nilijua kitakachotokea: atarudi Dar es Salaam akiwa mzee wa redio kamili, na makelele yake. Nikafikiria mkwaruzo. Santuri moja ukiifuata utaimba na mkwaruzo wake bila kujua ni mkwaruzo. Lakini santuri tatu hazikwaruziki mahali pamoja. Kile wote watatu wanachofanya sawasawa, ndicho Kifaransa. Kile anachofanya mmoja peke yake ni chake, mwachie mwenyewe. Nilimweleza Oresta hivyo, na uso wake ukafunguka. Tangu siku ile hakuwa tena mtu wa kuiga. Alikuwa anapembua, na kazi ya kupembua mtoto wa mkulima wa ulezi haanzi kufundishwa na mimi.

Mavuno yalipofika mazoezi yalihamia Mpui, kwa sababu mahindi hayasubiri opera. Tulikaa mkekani kwao tukipukuchua, mimi, yeye na mama yake, na sheria ilikuwa kwamba haimbi. Anasema tu. Anayasema maneno ya wimbo kama mtu anayemweleza jirani, huku mikono ikiendelea, na akipumua mahali pabaya namtupia gunzi mapajani. Ile sauti yao inayofanana na u lakini si u tuliipata hapo: midomo inakaa kama ya mtu anayetaka kupiga mluzi, ndani ya kinywa unasema i. Zile za puani pia. Sisi hupenda kuzifunga kwa n nzuri kabisa mwishoni, wao huacha mlango wazi na ulimi hausogei. Jirani yao, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, alipita akasimama, akauliza kwa heshima hiyo ni sala ya nini.

Mama Feza alikuja siku moja kwa pikipiki, akamfafanulia Oresta wimbo neno kwa neno, na hakuondoka mpaka binti alipoweza kumsimulia wote kwa Kiswahili. Mama yake Oresta alisikiliza habari ya mwanamke anayelinda moto. Wengine walipokwenda kutazama chungu, alibaki na mimi.

"Mwalimu," aliniambia, "huyu mtoto tangu azaliwe hajaniomba kitu. Ameomba hiki kimoja. Ukinirudishia akiwa ameshindwa nitampokea, ni wangu. Lakini sitaki ashindwe kwa sababu ya mdomo wa mtu mwingine."

Nilimwambia nimesikia. Maneno yale yalikaa nami kila nilipopanda gari kurudi mjini, na sikulala vizuri mpaka nilipopata njia ya kuhakikisha.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Nilimrekodi Oresta kwa simu kwenye kikanisa cha shule, akifuatwa na kinanda cha hapo, si kile cha panya, na rekodi ikatoka na kelele kidogo kama zile za redio za zamani. Siku ya soko nikaenda kwa Mama Feza na rekodi zangu kama kawaida, nikailaza simu kifudifudi. Sikumwambia lolote. Nikaanza na Mtaliano. "Hapana." Nikaweka mama mwenye sauti kavu. "Huyo tunamujua." Kisha nikaweka ya Oresta.

Alikuwa anakunja kitenge cha njano. Mikono ikapunguza mwendo, ikasimama. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanyoosha kidole akisema nirudie. Nikarudia. Mteja aliuliza bei, hakujibiwa.

"Huyu ni wa kwabo," akasema. "Mwalimu, huyu ulikuwa unamuficha wapi? Wale wengine bote baache. Mutoto amufuate huyu."

Nilitaka kungoja kidogo nifaidi, lakini machozi yalinitangulia. Nikamwambia huyo ndiye mtoto.

Mama Feza alinitazama kama nimemwibia. Aliigeuza simu, akaona picha ya Oresta amesimama kikanisani na sweta la shule ambalo bado alilivaa. Akakaa juu ya robota la vitenge. Kwanza alinikasirikia, akasema mimi ni mwongo wa kutupwa. Kisha akajifunika uso kwa kile kitenge cha njano akalia, na alipomaliza kulia akasimama akawatangazia wachuuzi wa mstari mzima kwamba yeye, mwalimu wa Kalemie, amedanganywa na mtoto wa Mpui, na kwamba hajawahi kufurahia kudanganywa namna hiyo. Sikuhitaji tena kushika uma mfukoni.

Niliushika lakini, Dar es Salaam kwenye kikao cha mwisho, kwa mazoea. Meza ilikuwa ile ile na watu wale wale. Oresta alisimama. Nilimwona anakaza mikono kidogo kama mtu anayeshika gunzi, kisha akaanza, na hakuwa anaimba Kifaransa. Alikuwa anatuambia kuhusu moto. Madamu Odile alikuwa na kalamu; aliiweka chini mapema, akafumba macho, hakuigusa tena.

Wimbo ulipokwisha Madamu Odile alimwambia Oresta maneno mengi kwa Kifaransa, haraka haraka, akitabasamu na kuuliza kitu. Oresta alisubiri amalize. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Samahani Madamu. Kifaransa ninachokijua ni hiki tu nilichoimba."

Wale wawili waliangua kicheko. Madamu Odile alichelewa kucheka, kwa sababu ilimchukua muda kuamini. Alipopata sauti alisema: "Mara ile nilimsikia Mrusi. Leo nimesikiliza nijue umejifunza kwa nani, sikumwona mtu. Nimemwona huyo mwanamke na moto wake."

Hatukusubiri sana nje. Walituita, wakampa mkono. Nilipiga simu Mpui, nikamwambia mama yake neno moja tu, amepata, na vigelegele vilivyotoka kwenye simu vilimfanya mlinzi wa getini atufuate kuuliza ni harusi ya nani.

Oresta sasa yuko huko kwa Wafaransa, na Kifaransa amekijua kwa kusema, si kwa kuimba tu. Ananiambia akienda dukani wanamuuliza anatoka sehemu gani ya Ufaransa, anawajibu Mpui, nao wanatikisa kichwa kama wanapafahamu. Mwezi uliopita nilishuka Muze kwa mwaliko wa kwaya yao. Wakaimba ule wimbo wa Kilatini, na walipofika kwenye lile neno wakaliimba mara tatu, sauti zote nne, bila kuyumba. Niliimba nao mara zote tatu. Si kila mkwaruzo unahitaji mwalimu.

Uma nimeuacha kwenye droo ya chumba cha muziki. Humo mtakuta pia simu yangu ya zamani, na ndani yake folda iitwayo Wa Kwabo. Majina na picha nimeviondoa kwa makusudi, mjifunze kulaza simu kifudifudi. Mkikwama, Mama Feza bado yuko sokoni na bado hana unyenyekevu. Waimbaji wote waliomo walizaliwa Ufaransa, isipokuwa mmoja aliyezaliwa Mpui. Msiniulize ni yupi. Juzi niliisikiliza folda nzima nikichambua mchele, nikamkosa mara mbili, na mimi ndiye niliyemfundisha.